Mtu wa Arobaini

Chupa ilikuwa juu ya meza, imefungwa uzi shingoni na kupigwa lakiri nyekundu ya Mudiri, mtawala wa pale, juu ya kizibo. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuifungua. Sajini Mwero Shutu aliizunguka mara mbili kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akavuta kiti, akakaa, akaitazama usawa wa macho.

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi. Saa kumi jioni gari la polisi lingeondoka hapo kituoni, njia ya Diani, kumpeleka Mwinga Ziro Mombasa akashtakiwe kwa kuua. Na kesi ya kuua, mwaka ule wa 1954, ilikuwa na kamba mwisho wake.

"Mimi sipendi kesi hii," alisema Bwana Inspekta, amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Lakini Kinondo nzima inasema mtu huyu ni mumiani, mnyonya damu za watu. Jana wamevunja madirisha ya zahanati. Nikimlaza hapa usiku mmoja zaidi watakuja na mapanga. Chupa hii nikiipeleka kwa mkemia wa serikali Nairobi, majibu ni wiki tatu. Sina wiki tatu, Sajini. Una mpaka saa kumi."

"Nipe na lile sanduku la chupa zake nyingine, Bwana."

"La nini?"

"Mtu hununua kwa kulinganisha."

Mambo yenyewe yalikuwa mafupi. Jumatatu, Mwinga Ziro, dresa, yaani msaidizi wa tabibu, wa zahanati ya Kinondo, aliwatoa damu watu ishirini na sita kwa amri ya daktari, ipelekwe ikapimwe maradhi. Jumatano usiku mmoja wao, Waziri bin Mbwana, akafariki. Alhamisi akazikwa. Ijumaa, watu wanatoka msikitini, Fundi Sefu mpiga chuku, achanjaye watu migongo na kuwaumika kwa pembe, akatoa chupa hii mbele yao akasema ameifukua nyuma ya zahanati, alikoifukia Mwinga. Basi watu wakajumlisha wenyewe: hiyo ndiyo damu ya Waziri, amekamuliwa mpaka akafa, na chupa zilizobaki zimekwisha kuuzwa.

Mwinga aliletwa kutoka korokoroni. Alikuwa mtu wa Kaloleni, wa miaka thelathini hivi, kipaji cha uso kimevimba kwa jiwe la jana. Alikaa wima, mikono juu ya magoti.

"Ziro," alisema Mwero, "mimi najua wezi wa ng'ombe. Damu siijui. Nifundishe kama unavyomfundisha mjinga."

"Tuanzie wapi, Sajini?"

"Mtu ameketi mbele yako. Endelea."

"Namfunga mpira hapa, vidole vinne juu ya kiwiko. Namwambia akunje ngumi. Mshipa nautafuta kwa kidole, siutafuti kwa macho, maana macho hudanganya. Ukiubonyeza unabonyea na kurudi. Ukisikia unapiga kama moyo, huo uache, huo ndio unaopeleka damu kutoka moyoni, ukiutoboa damu itaruka mpaka ukutani. Ninaoutaka mimi ni ule unaorudisha. Damu yake ni nyeusi kidogo, inakuja taratibu. Nasugua kwa spiriti, nasubiri pakauke. Sindano naiinamisha, tundu lake likitazama juu. Nikishapata, nalegeza mpira kwanza, ndipo nichomoe, ndipo niweke pamba, na mwenyewe aibonyeze."

"Kiasi gani?"

"Vijiko viwili vya chai. Mtu mzima ana damu ya kujaza robo ya debe na zaidi. Hata hasikii kupungukiwa."

"Na Waziri mkono wake ulikuwa mweusi. Watu wote wameuona."

Mwinga aliinamisha kichwa. "Hapo nilikosea, Sajini. Sindano ninazo kumi na mbili. Kila mtu na yake, na zikiisha nazichemsha upya dakika ishirini. Basi zilipoisha nikawasha jiko. Watu dirishani wakaona sufuria inatokota, wakapiga kelele kwamba napika damu! Nikafanya haraka. Waziri alikuwa wa kumi na saba. Nilichomoa sindano kabla ya kulegeza mpira, damu ikavujia chini ya ngozi."

"Ikamuua?"

"Alama ile haiui mtu. Inakuwa nyeusi, kisha kijani, kisha manjano, kisha inakwenda zake. Ni aibu yangu, si kifo chake."

Mwero aliandika yote. Alikuwa na mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kalamu ukubwani, wala hakuuonea haya. Kisha akafungua sanduku. Chupa ishirini na sita zilikuwa zimesimama kwenye matundu yao, kila moja na karatasi ya namba. Akatoa nambari tano na nambari kumi na saba, akazisimamisha pembeni mwa ile yenye lakiri.

"Nionyeshe."

"Hii ya tano tazama chini. Donge. Damu ukiiacha bila dawa inaganda, inajikusanya chini kama ini la kuku. Juu yanabaki maji meupe-meupe yenye umanjano kidogo, kama maji ya majani makavu. Hayo maji ndiyo daktari anayoyataka."

"Na kumi na saba?"

Haikuhitaji kuelezwa. Donge lilikuwa chini, lakini maji ya juu yalikuwa ya rangi ya bizari iliyokolea.

"Hiyo ni ya Waziri," alisema Mwinga. "Ini lake lilikuwa limeharibika kabla sijamgusa. Chupa za namna hiyo humo sandukuni ni nne. Niliwauliza wote wanne, na wote wanne wamepigwa chuku na Fundi Sefu tangu Ramadhani. Ana wembe mmoja. Anachanja mgongo wa huyu, anaosha, anachanja wa yule."

"Anaosha, wasema?"

"Anaosha sana. Maji mara tatu, mara saba. Unakuwa safi kwa sala. Kwa maradhi bado. Chuku si kosa, Sajini, hata babu yangu alipigwa. Kosa ni kutouchemsha wembe. Ijumaa ya juma lililopita nilimwambia hivyo mbele ya watu, nikasema nitamwandikia daktari. Ningemwita pembeni. Mtu mzima humsemi barazani."

Mwero aliishika ile chupa ya lakiri kwa shingo, akaiinamisha. Kilichokuwa ndani kikateleza upande mmoja, chote kwa pamoja, chekundu kutoka juu mpaka chini.

"Hii haijaganda."

"Damu inaweza isigande," Mwinga alisema. "Ikitiwa dawa. Au ikikorogwa ingali ya moto, nyuzi zake zikaondolewa."

"Wewe bwana wajichimbia mwenyewe!"

"Umesema nikufundishe. Sasa niulize hii chupa imesimama tangu lini."

"Tangu jana alasiri. Imesimama kabatini, haikuguswa."

"Basi hata damu isiyoganda, ukiisimamisha usiku kucha, wekundu unazama na maji yanabaki juu. Hiyo haikuzama. Sijui ni nini, lakini haikutoka mwilini mwa mtu."

Mwero alikwenda na maneno hayo kwa Bwana Inspekta, akarudi nayo vilevile. Yalikuwa maneno ya mshtakiwa, na hakimu angeyacheka. Ilitakiwa sauti nyingine, na iwe sauti ya Kinondo.

Akachukua baiskeli.

Mzee Abdurahman, mwosha maiti wa Kinondo, alikuwa barazani kwake akikatakata popoo kwa kisu kidogo. Mwero alivua viatu kabla ya kukanyaga saruji.

"Hodi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Askari wa jana alipanda hapa na viatu vyake vya misumari kama punda. Wewe wa wapi?"

"Mduruma wa Kinango, mzee."

"Ah! Na Waduruma siku hizi wavaa viatu vya kuvua?" Mzee akacheka, akamsogezea mkeka. "Kaa. Una neno."

"Ulimwosha Waziri."

"Nilimwosha."

"Uliona nini?"

Kisu kikaendelea kukata. "Mwosha akiona jema husema, akiona baya husitiri. Ndivyo tulivyofundishwa. Usiniulize ya maiti."

"Siulizi baya. Nauliza rangi."

"Rangi!"

"Kuna mtu hai atapakiwa garini saa kumi, na huko aendako kuna kitanzi. Wewe ndiye wa mwisho kuuona mwili wa Waziri. Ukimsitiri maiti kwa shingo ya mtu hai, mzee, utakuwa umesitiri nini?"

Mzee aliweka kipande cha popoo shavuni, akakitafuna mpaka kikalainika. Hakuwa mtu wa kuharakishwa, na Mwero hakumharakisha.

"Macho yalikuwa kama bizari," alisema mwishowe. "Na ngozi ya tumboni vilevile. Namna hiyo nimeosha watatu tangu Idi."

"Mgongoni?"

"Chale za chuku. Sita, bado mbichi."

"Mkononi?"

"Weusi, hapa, upana wa jani la mtambuu. Huo kila mtu aliuona, ndio uliowatia wazimu."

"Na damu? Wanasema alikamuliwa akaisha."

Mzee akatema pembeni. "Upuuzi. Mwaka juzi nilimwosha mgema aliyejikata paja kwa kotama akavuja mpaka akafa. Huyo aliishiwa damu! Viganja vyeupe, chini ya kucha peupe, mgongo mweupe kama karatasi. Waziri mgongo wake ulikuwa umevilia wekundu wote, damu imeshukia chini alikolalia. Alizikwa na damu yake, yule."

"Mbona hukuyasema jana?"

"Nani aliniuliza? Walikuwa wakiuliza mawe yako wapi."

Mwero akaandika, akamsomea, mzee akakubali kwa kichwa. Neno hilo lingetosha kumtia hakimu shaka. Halingetosha kuzuia gari. Akageuza ukurasa.

"Jana, Fundi Sefu aliitoa wapi ile chupa?"

"Mfukoni mwa kanzu. Pale pale, salamu ya sala haijapoa mdomoni. Watu wanatoka, akasimama mlangoni akaiinua juu."

"Alikuwa nayo tangu lini?"

"Si alisema? Aliifukua kabla ya sala, akaishikilia."

"Mimi si Mwislamu, mzee, nisamehe nikiuliza kijinga. Damu kwenu..."

"Najisi."

"Na mtu akisali nayo mfukoni?"

"Hana sala," alisema mzee. "Hata ikiwa ndani ya chupa, hata kizibo kikiwa..." Kisu kikasimama. Akamtazama Mwero, kisha akatazama mnara mfupi wa msikiti uliokuwa ng'ambo ya njia, kama mtu aliyesikia kitu kikidondoka ndani ya nyumba yake.

"Mzee?"

"Jana ilikuwa Ijumaa."

"Ndiyo."

"Sala ya Ijumaa kwetu haiwi Ijumaa mpaka watimie wanaume arobaini, wenyeji. Thelathini na tisa hawatoshi. Hapa Kinondo sisi ni wachache, kila juma twasubiriana. Mimi ndiye nihesabuye. Jana imamu alikwisha kusimama nami namwashiria ngoja, ngoja, tuna thelathini na tisa. Ndipo akaingia Fundi Sefu." Akaweka kisu chini. "Yeye ndiye aliyekuwa wa arobaini."

"Na kama alikuwa na najisi mfukoni, naye ajua?"

"Basi hatukuwa arobaini. Hakuna aliyesali Ijumaa, kijiji kizima. Na hivi sasa tunadaiwa sala."

"Fundi Sefu aijua sheria hiyo?"

"Sefu? Sefu anaosha kitambaa chake cha chuku mara saba, akiona tone kwenye kanzu harudi msikitini mpaka abadilishe. Hakuna Kinondo aijuaye kuliko yeye."

Mwero alisimama, akavaa viatu vyake uwanjani. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe aliyeibiwa gizani na kuitambua chapa kwa kidole.

Fundi Sefu alimpokea vizuri. Nyumba yake ilikuwa safi kuliko kituo cha polisi. Pembe za chuku zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa cheupe kwa ukubwa wake, wembe mmoja mwishoni, unang'aa. Mwenyewe alikuwa mwembamba, ndevu zimechanwa, kanzu imepigwa pasi.

"Nimekwisha kuandikisha maneno yangu kwa Mudiri," alisema.

"Nimekuja kukusomea, usije ukasema nimezidisha." Mwero akasoma pole pole. "'Niliiona chupa kabla ya sala, nikaifukua, nikaitia mfukoni, nikaishika kwa mkono wa kushoto muda wote isije ikapotea, mpaka tulipotoka kwenye sala.' Ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ulijua ni damu?"

"Kwani ni nini kingine? Nimefanya kazi ya damu miaka ishirini."

"Hukusahau kwamba unayo?"

"Nimekwambia niliishika."

"Vizuri. Hapo ndipo Mzee Abdurahman aliponishinda. Ananiuliza sala ya jana ilikuwa sahihi au haikuwa, nami sina elimu hiyo."

Vidole vya fundi viliunyoosha ukingo wa kitambaa, ingawa ulikuwa umenyooka.

"Wewe mtu wa bara usiye na dini utanifunza sala?"

"Hasha. Mimi ni mjumbe tu. Mzee anasema watu wasije wakafa na deni. Anataka kuwatangazia leo adhuhuri."

"Kuwatangazia nini?"

"Hajui. Ndiyo maana anakungojea wewe."

Nje mwadhini akaanza. Fundi Sefu alisikiliza mpaka mwisho, midomo ikiitikia kila neno kwa mazoea. Kisha akainuka, akaenda mtungini kutawadha. Mwero aliona maji yakimwagika kando ya mkono mara mbili, na mtu yule hakuwa mtu wa kumwaga maji.

Barazani mwa msikiti watu walikuwa zaidi ya ishirini. Walipomwona askari wakanong'ona, na mmoja, mvuvi mwenye shingo nene aitwaye Mbwana, baba yake Waziri, akasema kwa sauti, "Mwambieni huyo atuletee mumiani wake hapa, asimhangaishe fundi wetu!"

"Nyamaza kwanza, Mbwana," alisema Mzee Abdurahman. Alikuwa amesimama kizingitini, na kwa kuwa hakuwa na desturi ya kusema mbele ya watu, watu walinyamaza. "Sefu. Nakuuliza mbele ya hawa kwa sababu ni haki yao. Jana ulikuwa wa arobaini. Ulisimama nasi na chupa mfukoni, umeishika, wasema ni damu wajua. Sasa tuambie. Tuirudie sala?"

Wale walioelewa walielewa kwa pamoja. Nyuso zilibadilika kama jua limepitiwa na wingu. Wasioelewa waliambiwa na jirani zao. Mtu mmoja akasema, "La haula!"

Kazi ya Mwero hapo ilikuwa imekwisha, naye alijua. Angeweza kumtishia Fundi Sefu kwa jela mpaka jua lizame asipate kitu. Lakini mbele yake walikuwa watu ambao huyu bwana angewatia deni la Mungu kwa neno moja, wakiwa wamemwamini.

Fundi Sefu alitazama chini, kisha akamtazama Mbwana, baba wa maiti.

"Msirudie," alisema.

"Sema wasikie," alisema mzee.

"Sala yenu ni sahihi. Haikuwa damu." Sauti ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Ni maji mekundu ya ganda la mkandaa, ule mti wa mikokoni, nimeyapika na wanga wa muhogo yawe mazito. Nisingeweza kuingia na damu msikitini. Hata kwa jambo hilo, nisingeweza."

Mbwana alimjia na ngumi. Watu wanne walimshika. Mwero akaingia katikati, akatoa daftari, akamwandikisha Fundi Sefu papo hapo, juu ya ukingo wa birika la kutawadhia: chupa ilikuwa ya dawa ya macho aliyopewa zamani zahanatini, ganda alilichuna mwenyewe, na yote aliyafanya kwa hasira ya kuaibishwa juu ya wembe wake. Akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, nzuri, zilizonyooka. Mashahidi wawili wakatia dole gumba. Saa ya Mwero ilisema saba kasoro robo.

"Na mwanangu?" Mbwana aliuliza. Walikuwa wamemwachilia, mikono yake haikujua pa kwenda. "Kama hakukamuliwa, alikufa na nini?"

Mwero alimtazama Mzee Abdurahman, na mzee akamjibu baba mtu mwenyewe, kwa upole, kuhusu macho na kuhusu zile chale sita.

"Dresa anasema ni maradhi ya ini, yanapita kwa wembe usiochemshwa," aliongeza Mwero. "Kutoka kwa mtu mpaka mtu, na aliye nayo huenda hajijui. Yanaonekana katika maji ya damu kabla ya kuonekana machoni. Sasa nawauliza. Nani hapa amepigwa chuku na fundi tangu Ramadhani?"

Mzee Abdurahman akawa wa kwanza kuinua mkono. Akafuata mwingine nyuma, na mwingine, wakitazamana, mpaka Mwero akahesabu kumi na tisa. Imamu alikuwa mmoja wao. Wa mwisho alikuwa Mbwana, na mkono wake ulipanda kwa uzito kama umebeba nanga.

"Na atakayetutoa hiyo damu ikapimwe," aliuliza Mbwana, "ni nani?"

"Huku kote ajuaye ni mmoja."

Mtu aliyekuwa jana akirusha mawe alikuna shavu lake, akatazama barabara ya Diani, kisha akatazama jua.

"Sajini," alisema, "lile gari la Mombasa laondoka saa ngapi?"